Binti wa Mafuta ya Nyangumi: Maisha ya Hetty Green, 1834–1916



Mwaka huu kamati imetupa sisi wa meza ya mhazini kurasa hizi za maisha ya mtu maarufu. Wengi mlitarajia tuandike habari za mmoja wa wazee wetu wa mbiru, waliokwenda Same mwaka 1945 kuikataa kodi. Wazee hao wanastahili, na zamu yao itafika. Sisi tumekwenda mbali, hadi Marekani, na sababu yetu inaanza na utani.

Nchi nzima inatutania Wapare kwa mambo mawili. La kwanza, kwamba mkono wetu ni mgumu kufunguka. La pili, kwamba tunapenda kesi kiasi cha kuuza ng'ombe ili tushinde shauri la kuku. Watani wetu Wachaga hawachoki kulirudia hilo kwenye kila harusi. Basi tumemtafuta mtu aliyetushinda kwa yote mawili, tena mwanamke, naye alikufa akiwa miongoni mwa watu matajiri kabisa wa Marekani. Hata hivyo hatukumchagua kwa ajili ya kucheka tu. Mkutano wetu mkuu una hoja ya fedha ambayo imetugawa, nayo tutaifikia.

Jina alilopewa alipozaliwa ni Henrietta Howland Robinson. Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1834 katika mji wa bandari wa New Bedford, jimbo la Massachusetts. Jimbo hilo wazee wetu walilijua kwa mgongo bila kulijua kwa jina, maana shuka la merikani lililofika bara na misafara kutoka pwani lilifumwa kwenye viwanda vya huko. New Bedford yenyewe iliishi kwa nyangumi. Meli zake zilikwenda baharini miaka mitatu, minne, zikarudi na mapipa ya mafuta, na mafuta hayo ndiyo yaliyowasha taa za nyumba na kulainisha mashine. Ukoo wa mama yake, akina Howland, ulikuwa na meli nyingi na fedha nyingi. Baba yake, Edward Robinson, alioa ndani ya ukoo huo na akawa mshika usukani wa biashara.

Walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Quaker, watu wa nguo zisizo na madoido na maisha yasiyo na fujo. Kuwa na mali halikuwa kosa kwao, ila kuionyesha ndiko kulikokuwa aibu. Msomaji alishike hilo, kwa sababu mengi ambayo baadaye dunia iliyaita ubahili yalikuwa kwanza malezi.

Mtoto wa kiume wa familia alikufa angali mchanga, na Hetty akabaki peke yake. Macho ya babu yake yalikuwa yakififia, na binti akawa ndiye msomaji wa nyumba: kila siku aliwasomea babu na baba habari za bei za bidhaa, hisa na hati fungani kutoka magazetini. Akiwa na miaka 8 alifungua akaunti ya akiba. Akiwa na miaka 13 alikabidhiwa daftari la hesabu la nyumba. Sisi tuliosoma uhasibu chuoni miaka kadhaa tunaona haya kidogo kusema hivi, lakini shule ya namna hiyo hakuna chuo kinachoitoa. Alipelekwa pia shule ya mabinti huko Boston ajifunze kucheza dansi na kukaa na watu. Inasimuliwa kwamba baba yake alimpa dola 1,200 anunue nguo za kumfanya aonekane na wachumba New York, naye akanunua chache na zilizobaki akaziwekeza.

Mwaka 1859 mafuta ya petroli yalichimbwa Pennsylvania, na siku za mafuta ya nyangumi zikaanza kuhesabika. Robinson hakungoja kuonyeshwa mlango. Aliondoka kwenye nyangumi mapema, akahamia New York na mtaji wake. Binti alikuwa pembeni, anaona.

Mwaka 1865 baba alikufa. Aliacha dola kati ya milioni 5 na 6. Hetty alipewa mkononi karibu milioni 1, na zilizobaki zikawekwa chini ya wadhamini wanaume, yeye apokee faida tu. Alikuwa na miaka 30, ameshika hesabu tangu utotoni, na baba aliyemfundisha ndiye aliyeandika kwamba asiguse mtaji. Uchungu wa jambo hilo haukumtoka. Aligombana na wadhamini wa mali hiyo mahakamani miaka na miaka.

Wiki mbili hivi baadaye alikufa Sylvia Ann Howland, dada wa mama yake. Bi Sylvia alikuwa na ulemavu tangu utotoni, hakuolewa, na aliacha dola milioni 2 hivi. Hetty aliamini kwamba zote ni zake. Wosia uliposomwa, nusu ilikuwa imegawiwa kwa watu na shughuli za hisani, na nusu ya pili iliwekwa tena chini ya wadhamini: Hetty ale faida maisha yake yote, na akifa mtaji uende kwa ukoo mpana wa Howland.

Ndani ya ile nusu ya hisani mlikuwa na dola 200,000 za mji wa New Bedford. Laki moja ilikuwa ya kuingiza maji mjini, na laki moja ya elimu na maktaba. Tunaomba msomaji asiipite haraka sentensi hiyo.

Hetty akafungua kesi. Alitoa wosia wa zamani zaidi uliompa kila kitu, na pamoja nao karatasi ya pili, yenye sahihi ya Bi Sylvia, iliyosema kwamba wosia wowote utakaofuata usihesabiwe. Wasimamizi wa mirathi walisema sahihi hiyo ni ya kughushi, imenakiliwa juu ya nyingine. Hapo ndipo kesi ilipogeuka kuwa darasa. Benjamin Peirce, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na mwanawe Charles, walichukua sahihi 42 za marehemu na kuzilinganisha mbili mbili. Kila sahihi ilikuwa na mikwaju 30 ya kalamu inayoshuka. Kwa kawaida mkwaju mmoja katika mitano hivi ndio unaolingana kati ya sahihi moja na nyingine. Katika karatasi ya Hetty ililingana yote 30. Profesa alipiga hesabu na kuiambia mahakama kwamba nafasi ya jambo hilo kutokea lenyewe ni moja katika namba yenye tarakimu 22. Wataalamu wengine wenye majina makubwa walisimama upande wa Hetty wakasema hawaoni dalili ya kunakili. Mwisho wake, mwaka 1868, mahakama haikuamua lolote kuhusu sahihi. Ilisema tu kwamba kisheria Hetty hawezi kuwa shahidi wa makubaliano anayodai yeye mwenyewe, na shauri likaanguka.

Sisi wakaguzi wa hesabu tunajua uzito wa namba ile, na hatutaificha ili shujaa wetu apendeze. Sahihi mbili zikilingana hivyo kwenye hundi za chama chetu, mtu ataitwa ajieleze. Kama Hetty angeshinda, wosia uliowapa watu wa mji wake maji na vitabu ungetupwa. Walipata maji kwa sababu alishindwa.

Katikati ya kesi hiyo, Julai 1867, aliolewa na Edward Green, mzaliwa wa Bellows Falls, Vermont, aliyepata utajiri wake kwa biashara ya Manila. Kabla ya ndoa walitia sahihi mkataba kwamba mume hatakuwa na madai yoyote juu ya mali ya mke. Ilikuwa zama ambazo mwanamke akiolewa mali yake huhesabiwa ya mume mara nyingi, kwa hiyo mkataba huo ulikuwa jambo zito. Waliishi London miaka kadhaa, wakapata mtoto wa kiume, Ned, mwaka 1868 na wa kike, Sylvia, mwaka 1871.

Huko London ndiko alikoanza kukuza fedha kwa mkono wake mwenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekwisha, na serikali ilikuwa imevigharamia kwa noti za karatasi ambazo watu hawakuziamini, zikiuzwa chini ya thamani yake. Hetty alizinunua, pamoja na hati fungani za serikali. Alihesabu kwamba nchi iliyoshinda vita na kuwa na ardhi ile haitashindwa kulipa. Ililipa. Faida akaiingiza kwenye hati fungani za reli. Kanuni yake ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuifuata: nunua kitu kizuri siku ambayo hakuna anayekitaka, ukiweke, na uuze siku ambayo watu wanakigombania. Hakununua kwa fedha za kukopa. Na daima alikuwa na fedha taslimu karibu.

Mume wake alifanya kinyume cha hayo. Mwaka 1885 benki ya John J. Cisco & Son ya New York ilianza kuyumba. Hetty alikuwa na zaidi ya nusu milioni taslimu humo, na hati zenye thamani ya dola milioni 25 hivi kwenye sanduku la kuhifadhia. Alipotaka kuzihamisha aliambiwa kwamba mume wake anadaiwa na benki hiyo dola 700,000 hivi, zilizopotea katika kubahatisha kwa hisa, na kwamba mali yake haitatoka mpaka deni hilo lilipwe. Deni halikuwa lake na mkataba wa ndoa ulisema hivyo. Benki ilikuwa imemkopesha mume ikitazama fedha za mke. Alilia, akabishana siku nyingi, mwishowe akalipa, akapakia hati zake kwenye gari la farasi na kuzipeleka Chemical National Bank. Kisha akaachana na mume kwa makazi, ingawa si kwa talaka. Miaka ya mwisho ya mume huyo walirudiana na yeye ndiye aliyemuuguza, hadi alipofariki mwaka 1902.

Kutoka hapo ndipo picha inayojulikana ilipoanza. Hakufungua ofisi. Alikaa ndani ya Chemical National Bank, kati ya masanduku na mafaili, akifanya kazi humo kutwa kama karani. Alivaa nguo nyeusi mpaka zikapauka. Alipanga vyumba vya bei ya chini Brooklyn na Hoboken, akihama mara kwa mara ili watoza kodi wa New York wasimhesabu kuwa mkazi. Kwenye mlango wa Hoboken alibandika jina la mbwa wake.

Wanaume wa Wall Street walimwita mchawi. Kwao lilikuwa jina la gazetini la kuuza nakala. Sisi tunatoka nchi ambayo neno hilo likimwangukia mwanamke mzee anayeishi peke yake linaweza kumtoa roho, kwa hiyo hatulirudii kwa kicheko. Tunaona tu kwamba wanaume waliokuwa wagumu kama yeye, na walikuwapo wengi, waliitwa wafanyabiashara hodari.

Lakini kuna ukurasa mmoja kwenye daftari lake ambao hausawaziki hata tuugeuze vipi. Ned aliumia goti akiwa mtoto. Magazeti yaliandika kwamba mama yake, milionea, alimvalisha nguo kuukuu na kumpeleka kliniki ya maskini ili atibiwe bure, na kwamba alipotambuliwa aliondoka badala ya kulipa. Waandishi wa karibuni wa maisha yake wamemtetea, wakionyesha kwamba alimzungusha kijana kwa madaktari wengi miaka mingi. Iwe hivi au vile, mguu haukupona, ukakatwa kijana alipokuwa na miaka 20 hivi. Mama yake alimnunulia reli huko Texas aiendeshe, na aliiendesha vizuri. Aliiendesha kwa mguu mmoja.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tumchague.

Mwaka 1907 New York ilipata taharuki kubwa ya benki. Oktoba mwaka huo Knickerbocker Trust ilifunga milango, watu wakapanga foleni usiku kucha nje ya nyingine, na fedha taslimu zikatoweka kana kwamba zimezama ardhini. Matajiri wenye majumba na hisa waligundua kwamba hawana cha kulipia mishahara ya Ijumaa. Hetty aliona dalili mapema. Alikuwa ameanza kudai mikopo yake na kukusanya taslimu wakati wengine bado wanasherehekea. Dhoruba ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa nazo. Halmashauri ya jiji la New York lenyewe, iliyokuwa imewahi kukopa kwake si mara moja, ilikwenda tena, naye akaikopesha dola milioni 1.1. Makanisa pia yalikopa kwake. Riba zake zilikuwa za soko la kawaida. Hakupandisha bei ya maji kwa kuwa kuna ukame.

Mfano wa maji hatukuutafuta mbali. Kila mtu wa kwetu aliyewahi kushika jembe anaijua ndiva. Usiku tunaziba, maji yanajaa, na mtu mgeni akipita alfajiri anaweza kudhani tunawanyima walio chini. Asubuhi tunafungua, na shamba la mwisho kabisa linapata. Ndiva iliyoachwa wazi usiku kucha haimpi mtu kitu mchana. Fedha za Bi Hetty zilikuwa ndiva. Walioziona zikiwa zimelala waliziita ubahili, na mwaka 1907 walikuja na ndoo.

Ndugu zetu, mnajua kilichotupata. Mwaka juzi tulikamilisha ukumbi wetu kwa furaha na tukatumia kila shilingi iliyokuwamo benki, na sisi wa meza hii ndio tuliotia sahihi hundi ya mwisho. Masika yaliyofuata maporomoko yalibomoa banio la maji. Hatukuwa na hata nauli ya fundi. Msaragambo ulitoka, vijana na akina mama walibeba mawe siku tatu, lakini mabomba hayatengenezwi kwa mawe. Wiki saba mama zetu waliteremka bondeni na ndoo. Kosa lile lilikuwa la mahesabu, na ni letu.

Kwa hiyo tumeleta hoja kwamba katika kila shilingi 10 za harambee hii, 2 ziwekwe kwenye akaunti ya akiba isiyoguswa ila kwa dharura ya maji, zahanati au shule. Wapo wajumbe, tena wakubwa wetu tunaowaheshimu, wanaopinga. Wanasema fedha ya harambee ni ya kujenga, na kuilaza benki wakati kuna kitongoji hakijafikiwa na bomba ni kuwa Hetty Green wa Upare. Hoja yao ina nguvu, na maisha ya mama huyu yanaipa nguvu zaidi, kwa sababu akiba yake haikuwa ya mtu yeyote isipokuwa yeye. Aliikopesha New York kwa sababu New York ingelipa. New Bedford, iliyomlea, haikuwa na cha kumlipa.

Alifariki New York tarehe 3 Julai 1916, na miaka yake ilikuwa 81. Mali yake ilikadiriwa kati ya dola milioni 100 na 200. Alizikwa Bellows Falls, kando ya mume wake, na si katika mji wa wazazi wake. Siku hiyo hiyo fungu la Bi Sylvia, lililokaa chini ya wadhamini miaka 51, liliiva, likagawiwa mamia ya watu wa ukoo wa Howland, wengi wao wakiwa hawajazaliwa wosia ulipoandikwa.

Ned na Sylvia mdogo walirithi nusu kwa nusu. Ned aliishi kana kwamba analipiza: majumba, stempu, sarafu adimu, jahazi kubwa. Hata hivyo alirudi karibu na nyumbani. Huko Round Hill, jirani na New Bedford, aliihifadhi Charles W. Morgan, meli ya kuwinda nyangumi iliyowahi kuwa ya kampuni ya ukoo wao, watu wakaenda kuitazama, na mpaka leo meli hiyo ipo katika jumba la makumbusho. Alikufa mwaka 1936. Sylvia alikufa mwaka 1951 bila mtoto, na wosia wake uligawa karibu dola milioni 95, sehemu kubwa kwa vyuo, makanisa, hospitali na maktaba zaidi ya 60. Fedha alizozilinda mama kwa miaka hamsini zilifika kwa watu miaka 35 baada ya yeye kuzikwa. Za Bi Sylvia Howland, mlemavu ambaye hakuna gazeti lililomchora, zilikuwa zimeshatiririka kwenye mabomba ya New Bedford kabla Hetty hajazaa mtoto wake wa pili.

Wanaopinga hoja yetu wametuomba nafasi ya kujibu, na watapewa kwenye mkutano mkuu kabla ya kura. Marekebisho yao wameshayaleta: kwamba akiba ikizidi kiasi cha matengenezo ya miaka miwili, inayozidi ijenge bomba la kitongoji kinachofuata. Sisi wa meza ya mhazini tumeyasoma mara mbili, na tutayaunga mkono. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa nyuma, na taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa ukumbini, pamoja na ile hundi ya mwisho.